Barua za Wasomaji: Dakika 13 za Baharia, Zikatwe au Ziachwe?

Toleo lililopita tuliuweka "Rime of the Ancient Mariner" wa bendi ya Iron Maiden juu kabisa ya orodha yetu ya nyimbo ndefu za hevi metali, na tangu hapo barua hazijakoma. Kwa aliyeikosa: ndio wimbo wa mwisho katika albamu ya Powerslave ya mwaka 1984, mtunzi ni mpiga besi Steve Harris, urefu ni dakika 13 na nusu na ushee. Unasimulia shairi refu la Mwingereza Samuel Taylor Coleridge lililotoka mwaka 1798. Baharia anamuua albatrosi, ndege wa heri. Upepo unakata, maji ya kunywa yanaisha, wenzake 200 wanakufa mmoja mmoja na yeye anabaki hai kati ya maiti. Katikati ya wimbo kuna dakika kadhaa ambazo karibu hakuna kinachopigwa. Hapo ndipo ugomvi ulipo.

Wakubwa shikamooni. Wimbo naupenda, ila pale katikati umelala. Nimeukata kwa programu ya simu, sasa una dakika 9, na naona umekuwa mtamu zaidi. Kwa nini msikubali tu kwamba pale walikuwa wanajaza nafasi? (Msomaji, Kirumba)

Marahaba. Umefanya vizuri kuukata, maana sasa tuna nakala mbili za kulinganisha. Chukua hiyo yako, sikiliza mvua inaponyesha, kisha usikilize mahali hapohapo kwenye nakala kamili. Kwako mvua inakuja tu. Kwenye nakala kamili inakuja kwa mtu aliyekauka koo.

Angalia kilichomo ndani ya hizo dakika ulizozitupa. Mabaharia wakishaanguka, magitaa na ngoma vinaondoka. Besi inabaki peke yake, inapigwa polepole, noti zinaachwa zilie mpaka zife. Kwa mbali mbao na kamba za meli zinalia kama mlango wenye bawaba kavu. Halafu sauti inasema, haiimbi, beti mbili za Coleridge mwenyewe. Mwimbaji Bruce Dickinson anaporudi kuimba, anaimba chini, kama aliyechoka: laana bado iko kwenye macho ya maiti. Baharia anawatazama viumbe wa majini, anawabariki. Ndege aliyefungwa shingoni mwake anaanguka na kuzama. Vyombo vinapanda hatua kwa hatua, mvua inashuka, unapigwa ukelele mrefu, na magitaa ya solo yanafumuka. Ukelele ule una nguvu kwa sababu ya ukimya uliotangulia. Uondoe ukimya, utabaki na mtu anayepiga kelele.

Mtu wa Mwanza ana kikwazo chake hapa, na hatukulaumu. Kwetu "shwari" ni habari njema. Ziwa likiwa shwari, mtu anawasha injini ya mtumbwi na kwenda Ukerewe akiwa hana wasiwasi. Lakini kwa chombo cha tanga, shwari isiyokwisha ni kifungo. Pia sisi tumekulia kando ya maji yasiyo na chumvi. Mvuvi akiwa katikati ya ziwa, hofu yake si kiu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, na figo haziwezi kuitoa yote bila kutumia maji mengi kuliko hayo uliyoyanywa, kwa hiyo kila funda linakuongezea kiu. Meli imesimama, maji yamejaa pande zote, hakuna hata tone la kunywa. Katika hizo dakika za kati wimbo unakuweka ndani ya meli hiyo, na kuchoka kwako ni sehemu ya kazi yake.

Ukitaka lazima kukata, tutakuonyesha pa kukata: beti za mwanzo. Pale mzunguko uleule wa gitaa unarudi mara nyingi, sauti inafuata njia ya gitaa karibu noti kwa noti (ni mazoea ya Harris), na maneno yamebanwa mpaka Dickinson anakosa pa kupumulia. Ubeti mmoja ungepungua, hadithi isingepotea. Hilo tunakubali.

Wangaluka! Nyie mnashangaa dakika 13? "Mario" ya Franco inapita dakika 10 na watu wanaicheza mpaka mwisho hawajui muda umekwenda. Taarabu je? Huo wimbo wenu una nini cha ajabu? (Mpenzi wa rumba, Pasiansi)

Kwa urefu peke yake, hauna ajabu yoyote. Tofauti ni namna urefu unavyotumika. Rumba ya Franco inakuweka kwenye mzunguko mmoja unaokolea. Unaweza kuingia ukumbini dakika ya 6 na bado ukacheza, maana hadithi inazungumzwa juu ya mdundo uliokwishatulia. Bendi zetu za dansi nazo zinaanza taratibu, zinachemka, na wimbo ukishachemka haurudi tena nyuma. Huu wa baharia unakwenda kasi, unasimama kabisa, unapanda upya, kisha unarudi kwenye mzunguko wa gitaa ulioufungulia. Ukiingia dakika ya 6 hutaelewa kitu. Usiulinganishe na rumba. Uulinganishe na utenzi, ambao kila ubeti unasukuma kisa mbele na ukikosa kumi umepotea.

Nina sabufa nzuri tu, bongofleva inatikisa madirisha, lakini nikiweka wimbo huu nasikia mvumo mmoja "vuuu" toka mwanzo. Pale penye ukimya sisikii chochote. Nibadilishe sabufa? (Msomaji, Mabatini)

Usibadilishe kitu kwanza. Uzi wa chini kabisa wa besi ya nyuzi nne, yaani E, hutikisika mara 41 kwa sekunde; wa gitaa mara 82. Sabufa nyingi za mezani hazifiki 41 kwa ukweli; zimetengenezwa zivume juu kidogo ya hapo ili boksi dogo lionekane zito. Midundo ya kompyuta haiteseki, kwa sababu inagonga na kuacha nafasi. Lakini wimbo huu unakwenda mwendo wa farasi: kila pigo moja linabeba noti tatu, moja ndefu na mbili fupi. Boksi halijamaliza kuvuma ya kwanza, ya pili na ya tatu zimeshafika. Ndiyo hiyo "vuuu" yako.

Toa sabufa kwenye kona ya chumba. Kona huongeza besi yenyewe bila kuombwa; isogeze angalau nusu mita kutoka kila ukuta. Kitufe cha besi kirudishe chini kabisa, kisha ukipandishe kidogokidogo huku wimbo unapiga, na uishie pale ambapo bado unaweza kuhesabu noti tatu kwa kila pigo. Ukipita hapo umeharibu. Zile spika ndogo mbili usizipange zote juu ya kabati moja: magitaa mawili ya wimbo huu yamegawanywa pande mbili, kwa hiyo ziachanishe kama mita mbili, ziwe usawa wa masikio, nawe ukae umbali sawa na kila moja. Kwenye simu zima kila kinachoitwa kuongeza besi, na zima ule mpangilio wa kusawazisha sauti za nyimbo.

Kuhusu ukimya, kosa la wengi ni kupandisha sauti wimbo ukitulia, halafu ukelele ukifika wanarukia simu. Panga sauti kwa kutumia sehemu ya mwanzo yenye kelele, iwe kubwa lakini bado mnaweza kuongea kwa kupaza kidogo, kisha usiguse tena. Kama bado husikii mbao za meli, piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaorudi, kuta zako za saruji ndizo zinazomeza; tundika blanketi zito ukuta unaotazamana na spika, au simamisha godoro. Mvua ikiwa inapiga bati, ahirisha. Hakuna sabufa inayoshindana na bati.

Aliye na santuri ajue jambo moja zaidi. Upande wa pili wa Powerslave una kama dakika 26, na wimbo huu umekaa mwishoni, karibu na lebo. Pembeni ya santuri mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu sentimeta 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 20 na kidogo tu. Sauti za juu za solo hubanwa hapo na sindano iliyochakaa huzikwaruza. Safisha sindano kabla ya upande huo, sio baada.

Mama ananikataza, anasema ni muziki wa shetani. Nimjibuje? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Usimjibu, mfasirie. Mtu anaua kiumbe bila sababu, anaadhibiwa, anasali, anawabariki hata viumbe wa baharini, anasamehewa, na maisha yake yote yaliyobaki anazunguka akifundisha kwamba tupende kila kitu alichokiumba Mungu. Hayo yamo ndani ya maneno ya wimbo wenyewe. Anaweza bado kukataa kelele, na hiyo ni haki yake, tumia visikizi.

Mbona mabaharia wenzake wanakufa wakati ndege hawakumuua wao? (Msomaji, Igoma)

Kwa sababu walimuunga mkono. Mwanzo walimlaumu kwa kumuua ndege aliyewaletea heri. Ukungu ulipoondoka wakageuka, wakasema alifanya vyema. Hapo wakawa washirika. Katika wimbo hilo linapita haraka sana, mstari mmoja tu, na wengi hulikosa.

Sisi ni vijana watatu, gitaa, besi na dramu, tunataka kuupiga kwenye tamasha la chuo. Mkono wa mpiga besi unakufa kabla ya dakika ya 4, na pale katikati kila mtu anaingia kwa wakati wake. Tushaurini. (Bendi changa, Nyakato)

Kwanza mjue mzigo mlioubeba. Waliourekodi ni watano: Harris kwenye besi, Dave Murray na Adrian Smith kwenye magitaa, Nicko McBrain kwenye dramu, Dickinson kwenye sauti. Mkiwa watatu, gitaa likienda solo chini linabaki tundu. Mpiga besi azibe kwa kupiga noti mbili pamoja, ya mzizi na ya tano yake, badala ya moja. Au muazimeni mpiga kinanda wa kwaya ashike nafasi ya gitaa la pili. Kinanda chenye sauti ya ogani kinafaa kuliko chenye sauti ya gitaa bandia, ambayo hunuka plastiki.

Mkono wa besi unakufa kwa sababu moja kati ya mbili. Ya kwanza, anavuta nyuzi kwa nguvu ili asikike. Pandisheni sauti ya amplifaya na yeye alainishe vidole. Nguvu ya sauti itoke kwenye mashine. Ya pili, anatumia kidole kimoja. Harris hupiga kwa vidole, hatumii kipigio, na kupokezana kwa cha shahada na cha kati ndiko kunakoufanya mwendo huu uwezekane kwa dakika nyingi. Mfululizo ni shahada, kati, shahada. Kisha kati, shahada, kati. Kila kundi la tatu linaanza na kidole tofauti na lililopita, na hapo wengi hujikwaa. Aanze na metronomu (kihesabu mapigo) ikiwa 70 kwa dakika, apige dakika 5 mfululizo bila kukaza kiwiko, ndipo aongeze 4. Akisikia moto kwenye mkono, asilazimishe. Arudi hatua mbili chini. Wiki 3 za dakika 20 kila siku zinamfikisha mbali kuliko Jumamosi moja ya saa 4.

Mpiga gitaa afuate chini, kisha chini na juu: noti ndefu chini, fupi ya kwanza chini, fupi ya pili juu. Ubavu wa kiganja uguse nyuzi palepale zinapotokea kwenye daraja. Ukisogea mbele sentimeta moja tu, noti zinakuwa za mbao, hazina sauti ya kujulikana. Mpiga dramu msimnunulie pedali mbili; McBrain amejulikana kwa kupiga dramu kubwa kwa pedali moja.

Sasa hapo katikati. Distosheni, yaani ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, huficha gitaa lililotoka kwenye tyuni, ukimya unalianika. Nyuzi zikipata joto hulegea na sauti hushuka, kwa hiyo gitaa likitoka kivulini kwenda kwenye jukwaa lenye jua la mchana, liacheni pale dakika 15 ndipo mtyuni. Nyuzi zilizoshika kutu kwa jasho na unyevu wa ziwani zibadilisheni siku mbili kabla, sio asubuhi ya onyesho, maana mpya huendelea kuvutika. Mvumo wa umeme nao utasikika. Anayenyamaza afunge kabisa kitufe cha sauti kwenye gitaa lake, asitegemee kushika nyuzi kwa kiganja.

Kila mtu anaingia kwa wakati wake kwa sababu kila mtu anahesabu yake. Mpeni besi uongozi, ndiye anayepiga hapo. Wengine macho kwake. Andikeni kwenye karatasi idadi ya mizunguko ya besi kabla ya beti zinazosemwa, wakati wa beti hizo na baada yake, muikariri kama kiitikio. Na mnapoanza kupanda, anzeni chini kuliko mnavyotamani. Bendi changa hufika kileleni mapema na mvua inapokuja hakuna pa kuongeza. Dramu iingie nusu sauti, gitaa baada yake.

Sauti: kama mwimbaji wenu hafiki juu, shusheni vyombo vyote nusu toni. Hakuna atakayegundua, na koo litafika mwisho wa wimbo. Nyuzi zikianza kugonga shingo ya gitaa, wekeni nene kidogo.

Nyie wa zamani mnasahau "Empire of the Clouds". Dakika 18, piano, hadithi ya kweli. Umeupita huo wa ndege. (Msomaji, Buzuruga)

Kwa urefu umeupita: ulipotoka mwaka 2015 katika The Book of Souls ndio ulioupokonya wa baharia nafasi ya wimbo mrefu kuliko zote za kundi hilo. Dickinson aliutunga peke yake na piano anaipiga yeye. Hadithi ni ya R101, chombo cha anga cha Uingereza kilichojaa haidrojeni, kilichoondoka Cardington jioni ya tarehe 4 Oktoba 1930 kuelekea Karachi na kuanguka karibu na Beauvais, Ufaransa, usiku huohuo. Watu 48 kati ya 54 walikufa.

Sifa yake tunaikubali: hauchoshi kwa kurudia mzunguko mmoja kama beti za mwanzo za mwenzake, na piano inaufungua na kuufunga kwa upole unaoumiza. Kinachotukwaza ni sehemu ya vyombo katikati. Inabadilisha mwendo mara nyingi, kila kipande kizuri, lakini ukiwapa watu wawili wasiojua hadithi wakuambie ni wapi dhoruba inaanza, hawatakubaliana. Kwenye wa baharia hakuna asiyejua ni wapi mvua inanyesha. Pia abiria wa R101 hawana cha kuamua. Chombo kinapaa, kinaanguka. Baharia ana tendo la kwanza, la kuua, na la pili, la kubariki, na wimbo mzima umefungwa kati ya hayo mawili. Tunabaki na kura yetu. Wahariri wawili kati ya watatu, tuseme ukweli.

Kijana wa kuchoma nyimbo mjini kaniwekea kwenye flashi, lakini sina uhakika kama ni kamili. Nitajuaje? (Msomaji, Buhongwa)

Angalia muda: usipungue dakika 13 na nusu. Nakala ya jukwaani iliyo kwenye Live After Death ya mwaka 1985 inatambulika kwa kelele za watu, na kwa Dickinson kuwatania kwamba hiki ndicho usichopaswa kufanya ndege akikuchafua. Angalia na ukubwa wa faili. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakuwa kama megabaiti 13, kwa 320 kama 33. Ukikuta muda kamili lakini faili ni megabaiti 6 au 7, imebanwa mno, na kitu cha kwanza kufa ni zile mbao za meli. Mrudishie akuwekee tena.